Kwa mpwa wangu rubani, kabla hajasaini

Mpwa wangu, umeniuliza uhame au ubaki, na unataka jibu kabla ya mwisho wa Machi kwa sababu hao wanaokuita wamekupa mpaka hapo. Nimekaa na swali lako siku kadhaa. Mambo mengi nimeyachoka kwa umri huu, na hili la vijana kuhama kampuni za ndege nimelisikia tangu nikiwa fundi mdogo, nimelala chali chini ya injini, uso umejaa mafuta. Marubani walikuwa wakija karakana kutuaga, na wengine baada ya mwaka walirudi kutuomba tuwasemee kwa wakubwa. Ila wewe ni mtoto wa dada yangu. Siwezi kukujibu kwa simu ya dakika mbili, tena kwa mtandao huu wa hapa kijijini Bendera unaokatika kila mara. Kaa chini usome taratibu.

Jibu lenyewe nalitanguliza, usije ukasoma huku roho iko juu: usisaini sasa. Sikwambii usihame kabisa. Utahama, na siku hiyo hutakuwa umemkosea mtu. Lakini leo hujui unachokwenda kukipata, na unachokiacha hujakipima.

Ulipokuja kutusalimia ulikiacha mezani kitabu chako cha saa za kuruka, nami usiku nikavaa miwani nikakipitia ukurasa kwa ukurasa. Arusha kwenda Seronera. Seronera kwenda Kogatende. Kogatende kwenda Manyara, Manyara kwenda Arusha, Arusha kwenda Unguja. Ukurasa unaofuata ni hivyo hivyo. Una saa zaidi ya 1,300 kwa jumla, na nyingi umeziandika kwenye safu ya kepteni, maana ndege yenu ndogo ya Caravan unairusha peke yako. Kisha nikaangalia safu ya usiku. Karibu yote ni tupu. Zimo saa chache za mafunzo ulizoruka kule Afrika Kusini, basi.

Hapo hujakosea wewe wala mwajiri wako. Viwanja vya mbugani ni vya changarawe na havina taa, na jua likielekea kuzama kila ndege inatakiwa iwe imeshatua. Ukiruka kazi hiyo miaka kumi utakuwa hodari wa kutua palipo na vumbi na nyumbu, na safu ya usiku itabaki vilevile. Sasa weka hilo kando ya kanuni. Leseni ya juu ya urubani, ile inayomruhusu mtu kuwa kepteni wa ndege ya marubani wawili, inadai kwa kanuni za kimataifa saa 1,500 kwa jumla, na ndani yake saa 100 za usiku na saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo. Saa 1,500 utazifikisha hata ukibaki hapo ulipo. Msimu wa watalii wa Julai hadi Oktoba peke yake utakusogeza sana. Saa 100 za usiku hutazifikisha ukiwa hapo uwanjani Kisongo, Arusha, isipokuwa ukodi ndege kwa fedha yako mwenyewe, na fedha hiyo huna.

Kwa hiyo sababu yako ya kutaka kuhama ni ya kweli, naikubali. Wanaokwambia tulia tu, kazi ni kazi, hawajui kazi yako ilivyo. Nimemwona rubani aliyetulia kwenye injini moja mpaka akapita miaka arobaini na tano. Alikuwa na mikono safi kuliko wengi waliokuwa wakirusha ndege kubwa, lakini kila alipopeleka maombi waliangalia umri wake, wakaangalia safu za usiku na vyombo, wakamshukuru kwa barua. Sitaki uwe yeye.

Lakini yupo na mwingine, na huyu ndiye ninayemwona kwako unapozungumza kwa haraka vile. Jina lake nitaliacha. Alihama kila ilipokuja kampuni mpya yenye ndege kubwa kuliko ya jana. Kila alikohamia aliketi kiti cha kulia, rubani msaidizi, na kila alipokaribia kupewa kiti cha kushoto kulikuwa na sehemu nyingine iliyomwita kwa mshahara mzuri zaidi. Akahama tena. Amestaafu akiwa rubani msaidizi. Watoto wamesoma, nyumba amejenga, wala hakufa masikini. Lakini mtu aliyeruka muda wote huo bila kuwahi kuamua yeye mwenyewe, kwa jina lake, kwamba leo tunatua au tunarudi, alikuwa akinung'unika moyoni mpaka tulipoachana.

Wewe ni mtoto wa mashamba ya mpunga, kwa hiyo nitalisema hivi. Unajua zamu ya maji ya mfereji ilivyo. Ukiwa wa sita kwenye mfereji wetu, unajua usiku upi utaamka na jembe kwenda kuyafungulia. Ukiliacha shamba lako ukaenda kulima kwa jirani kwa sababu mfereji wake ni mpana, unaandikwa wa mwisho, hata kama kijijini kwenu ulikuwa mzee wa maji. Upana wa mfereji haukusaidii chochote kabla zamu yako haijafika. Orodha ya marubani kwenye mashirika makubwa iko hivyo hivyo. Tarehe uliyoingia ndiyo inayoamua nani apandishwe ukepteni, nani achague likizo Desemba, nani ahamishiwe ndege mpya, na siku kampuni ikipunguza watu, nani aanze kutoka. Saa zako 1,300 zinakuingiza mlangoni. Haziruki mbele ya kijana mwenye saa 300 aliyeajiriwa wiki moja kabla yako.

Sasa niambie: kwenye hiyo orodha wanayotaka kukuandika, walio mbele yako ni wangapi? Ulinijibu hujauliza. Msaidizi wa mwisho kupandishwa kuwa kepteni alipandishwa lini, na alikaa kiti cha kulia miaka mingapi? Hujauliza. Ndege walizonazo ni ngapi, na zinazoruka leo ni ngapi? Ulinitajia idadi iliyoko kwenye tangazo lao. Mwanangu, mimi nimekuwa fundi. Najua tofauti ya ndege iliyoko kwenye tangazo na ndege iliyoko hewani. Nenda uwanjani asubuhi, kaa pale mgahawani, zihesabu zinazoondoka. Ile ambayo haina injini na imefunikwa turubai usiihesabu, hata wakikuambia spea zinakuja.

Hilo la ndege kuegeshwa lishike sana. Air Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kupokea Airbus A220, Desemba 2018, na nchi nzima ikashangilia, mimi nikiwamo. Kufikia mwishoni mwa 2022 baadhi ya ndege hizo zilikuwa zimesimamishwa chini kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney, tatizo lililowapata wenye ndege za aina hiyo duniani kote. Hakukuwa na rubani wala fundi wa Kitanzania wa kulaumiwa. Lakini rubani aliyefunzwa kwa ndege iliyolala chini haandiki saa. Mshahara unaweza kuingia, na kitabu kikabaki vilevile.

Nimeishi kuyaona haya tangu mwanzo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza 1946, na lilipofikia ukubwa wake lilikuwa na Super VC10 zinazokwenda mpaka London. Kijana wa wakati ule aliyeingia hapo alijiona ameingia kazi ya maisha. Orodha yake ilikuwa moja kwa nchi tatu. Mwanzoni mwa 1977 lilikufa, katika mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilipovunjika. Kenya ikaunda lake, sisi tukaunda Air Tanzania mwezi Machi mwaka huohuo, Uganda ikabaki na lake. Ile orodha iliyokuwa inahesabiwa kama urithi ikawa karatasi. Kilichobaki mkononi mwa rubani ni leseni yake, saa zake, na sifa aliyokuwa nayo kwa waliofanya naye kazi.

Baada ya hapo imekuwa vivyo hivyo kwa majina mengine. Desemba 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya Air Tanzania, na 2006 ndoa ile ikavunjika. Uganda Airlines ilifungwa 2001 ikarudi 2019. Fastjet ilianza Novemba 2012 na Airbus A319, safari zake za kwanza zikiwa Dar kwenda Mwanza na Dar kwenda Kilimanjaro, na kwa nauli zile hata mtu wa Same alishuka KIA akapanda basi kuja nyumbani. Vijana wengi wenye ndoto kama zako waliiangalia kama njia ya mkato ya kufika kwenye jeti. Desemba 2018 safari zake hapa nchini zilikoma. Sisemi waliojiunga nayo walikuwa wajinga. Waliopata saa za jeti pale walizichukua wakaondoka nazo. Waliokuwa wameweka tumaini lao kwenye nafasi yao ya foleni walibaki bila kitu, kwa sababu foleni ilikwenda na kampuni.

Basi pima kila unachopewa kwa swali hili: hiki nikiondoka, nitaondoka nacho? Saa za usiku utaondoka nazo. Saa za ukepteni utaondoka nazo. Leseni ya juu, kibali cha kurusha aina ya ndege inayotumika nchi nyingi, rekodi isiyo na doa, mwalimu wa ndege ambaye akipigiwa simu atakutaja kwa wema, vyote hivyo ni vyako. Sare, cheo, nafasi ya foleni, tiketi za bure za mkeo, na heshima ya watu wa Bendera wanaotaka kusema kijana wetu anarusha dude kubwa, hivyo vitabaki kwao. Ukihama, hamia pale unapoongeza vile vya kwanza.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye mitihani. Mitihani ya nadharia ya leseni ya juu hujaimaliza. Umeifanya michache, ukasema utaendelea msimu ukipoa. Msimu unapoa Aprili na Mei, masika yakija, kambi nyingi za watalii zikifungwa na rosta yako ikawa nyepesi. Ukisaini sasa, miezi hiyo utakuwa kwenye simuleta nchi ya watu, halafu kwenye safari za mafunzo, halafu umechoka. Nimewaona wanaosema nitaisoma nikiwa kule. Wanakaa kiti cha kulia miaka miwili, zamu ya ukepteni inawafikia, wanaambiwa lete leseni, hawana. Aliyekuwa nyuma yao anapita. Maliza mitihani hii masika, ingia huko ukiwa nayo mkononi, ili siku saa zako za usiku zikitimia pasiwe na kitu kingine cha kukuzuia. Na kabla ya hapo waandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, uwaulize kwa maandishi saa unazoruka kama rubani msaidizi zinahesabiwaje kuelekea leseni hiyo. Usiridhike na maelezo ya rafiki. Upate barua.

Nimesoma pia ule mkataba ulionitumia, kurasa zote zilizofika. Wanasema watakulipia mafunzo ya ndege yao, nawe utawatumikia miaka mitatu. Ukiondoka kabla, utalipa. Hilo halinitishi. Mafunzo yale ni ghali na kampuni ina haki ya kujilinda. Kinachonitisha ni yale yasiyoandikwa. Haikuandikwa kwamba deni linapungua kila mwezi unaotumikia; kwa maneno yaliyomo, hata ukiondoka mwezi wa thelathini na tano utadaiwa fedha zote. Haikuandikwa itakuwaje wao wakikuachisha kwa kukosa ndege. Haikuandikwa kama miaka mitatu inaanza siku unayosaini, siku unayomaliza simuleta, au siku unayoruka na abiria kwa mara ya kwanza, na kati ya siku hizo unaweza kupita hata nusu mwaka. Na kile kifungu cha wadhamini wawili, mpwa wangu, umemwandika mama yako. Mama yako ana shamba moja lililobaki. Lile la chini ya barabara liliuzwa ili ukasome, na ukoo ukachanga kilichopungua. Halitauzwa la pili.

Nimesema hili la shamba na najua linakuuma, kwa hiyo nilimalize. Unadhani unatudai haraka. Unadhani kwa sababu tuliuza na tukachanga, lazima tukuone upesi kwenye ndege yenye mabawa marefu ndipo deni lilipwe. Hakuna aliyesema hivyo ndani ya familia. Watu wa kijiweni watasema, waache. Kanuni za kimataifa zinamruhusu rubani wa ndege ya marubani wawili kuruka safari za kibiashara mpaka miaka 65. Wewe una 31. Mwaka mmoja wa kujiandaa hauwezi kuiharibu safari ya miaka thelathini na minne.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko mshahara na kuliko foleni. Kampuni hiyo, rubani akisema hapana, inakuwaje?

Mwaka jana ulinisimulia siku ile ya Seronera. Mvua ilikuwa imeshashika upande wa kaskazini, uwanja umelowa, nyumbu wamejaa ukingoni. Ulizunguka mara moja, ukaona hapana, ukageuza ukaenda Manyara na wageni wote, mmoja akilalamika njia nzima kwamba amelipia chakula cha mchana kambini. Mafuta yaliungua, kampuni ikagharamia hoteli. Jioni uliporudi Arusha bosi wako alikukuta pale kwenye maegesho, ukadhani unakwenda kufokewa. Akakuuliza umekula? Mkaketi mkanywa chai, akakwambia ulivyofanya ndivyo. Umelisahau hilo? Hilo haliko kwenye karatasi ya mshahara, na wapo marubani wamefanya kazi maisha yao yote bila kulipata.

Tangu tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikikaribia Bukoba, watu 43 ndani na 19 wakafa, marubani wote wawili wakiwamo, mama yako hajawahi kulala vizuri usiku wa mvua. Simtaji marehemu yeyote kwa kosa. Wale ni watoto wa watu. Ninachotaka ujue ni kwamba hali ya hewa ya nchi hii haitazami ukubwa wa ndege, na kwamba siku ngumu itakufikia popote utakapokuwa. Siku hiyo unatakiwa uwe mahali ambapo kurudi hakukugharimu kazi.

Kwa hiyo usiwaulize ofisini. Ofisini kila kampuni inasema usalama kwanza. Watafute marubani wasaidizi wawili au watatu wa pale, mmoja mmoja, nje ya kazi, na uwaulize: mara ya mwisho kepteni aliporudi bila kutua, kesho yake nani alimpigia simu, na alimwambia nini? Waulize pia, wewe msaidizi ukisema tuzunguke tena, kepteni anazunguka au anakucheka? Wakinyamaza kidogo kabla ya kujibu, hapo umeshajibiwa. Hata mshahara ukiwa mara mbili, usiende.

Waulize na mafundi. Kila rubani mwenye akili namjua kwa hili: anakuja karakana. Fundi wa pale akikwambia kasoro zinaandikwa kwenye kitabu cha ndege na zinafungwa, vizuri. Akikwambia marubani wameombwa wakazitaje kwa mdomo kwanza ili ndege isisimame, ondoka hapo.

Kuhusu yule rafiki yako wa Ghuba anayekutumia picha za nyumba. Simpingi. Waafrika Mashariki wengi wameruka kule kwa heshima, na Kenya imepoteza marubani wengi wazoefu kwa njia hiyo. Ila kule wanataka mtu mwenye leseni ya juu na saa nyingi za ndege nzito, vitu ambavyo bado huna, kwa hiyo kwa sasa hizo picha ni za kukuvuruga akili tu. Na ukizipata, kumbuka 2020. Kovidi ilipofunga anga, Emirates na Qatar Airways zilipunguza maelfu ya wafanyakazi, marubani wakiwamo. Ukiwa huku ukaachishwa, unarudi Bendera unalima. Ukiwa kule, kibali cha kuishi kimefungwa na kazi, nyumba imefungwa na kazi, shule ya watoto imefungwa na kazi. Anayekwenda aende akiwa na akiba ya mwaka mzima na kiwanja nyumbani.

Na akiba yenyewe, popote utakapokuwa, iangalie kwa macho yako. Marubani wa Kenya Airways walipogoma tarehe 5 Novemba 2022, miongoni mwa madai yao ulikuwamo mchango wa mwajiri kwenye mfuko wao wa akiba ya uzeeni. Hao ni watu wenye chama imara. Wewe huna chama. Omba taarifa yako ya NSSF kila baada ya miezi michache, uone kama kilichokatwa kwenye mshahara kimefika.

Ulinigusia pia ule uamuzi wa Umoja wa Ulaya, ukasema ndiyo sababu nyingine ya kukimbia. Desemba 2024 waliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwao, na Juni 2025 wakayaweka mashirika yote yaliyosajiliwa hapa Tanzania. Limeniuma, kwa sababu nimeitumikia kazi hii. Orodha ile inahusu kampuni na usimamizi wake, haifuti leseni yako. Lakini mtu wa nje atakayesoma faili lako siku moja atataka kujua ulikuzwa kwenye mazoea gani. Dawa yake ni moja tu iliyo mikononi mwako: kila mtihani wa simuleta upite vizuri, na kila karatasi yake uitunze. Ukihama toka kampuni ya hapa kwenda nyingine ya hapa, kwa jambo hilo hujakimbia chochote.

Liko na suala la Sabato, ambalo unaliepuka kila nikilitaja. Mama yako ni Msabato, na babu zetu walikuwa Wasabato tangu wamisionari wa Kisabato walipoingia Upare mwaka 1903. Bosi wako wa sasa anakujua, na Jumamosi nyingi amempanga mwingine akushikie. Shirika kubwa rosta yake inapangwa na kompyuta, na kompyuta haimjui mama yako. Sikuhukumu, mimi mwenyewe nimefunga injini Jumamosi ndege ikisubiriwa na wagonjwa. Nataka tu uwe umeamua kabla, wewe na mkeo, na umwambie mama kwa mdomo wako. Asilisikie kanisani.

Basi hivi ndivyo ningefanya ningekuwa na umri wako na kitabu chako. Ningewaandikia hao wanaoniita barua ya adabu, kuwashukuru, na kuomba niingie na kundi linalofuata la mafunzo. Wakikubali, ni watu wanaopanga mbele. Wakisema sasa au kamwe, basi wana pengo la kuziba, na mtu anayezibia pengo hapangiwi maisha. Ningemaliza mitihani Aprili na Mei. Ningeruka msimu wote wa Julai hadi Oktoba, saa zikapita 1,500, nyingi zikiwa za ukepteni. Ndipo ningehamia kwenye injini mbili na usiku, hata kama ni kiti cha kulia na mshahara uleule, mradi foleni yao inatembea na mkataba umeandikwa vizuri. Hata kama ndege yao si kubwa kuliko zote uwanjani.

Na siku ya kuondoka, ondoka vizuri. Toa notisi kamili, usiwaache mwezi Agosti wageni wamejaa. Mfundishe atakayekuja nyuma yako viwanja vyote, mpaka ule wenye mteremko unaoujua wewe. Usimseme bosi wako kwa wenzako. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo: dunia ya ndege hapa kwetu ni ndogo, wote wanajuana kuanzia Kisongo mpaka Unguja, na yule unayemwacha leo ndiye atakayepigiwa simu kesho kuulizwa wewe ni mtu wa namna gani.

Kwa sasa, kabla ya barua hiyo, usiwajibu ndiyo wala hapana. Mkataba upeleke kwa yule wakili wa Moshi aliyesimamia mirathi ya baba yako. Nimeshaongea naye, anakaa ofisini Jumatatu na Alhamisi. Mpelekee karatasi zote, pamoja na kile kiambatisho cha mwisho ulichoniambia hukukisoma kwa sababu maandishi yake ni madogo, na jina la mama yako ulifute kwenye sehemu ya wadhamini kabla hujazitoa nakala.